Mtambo Huleta Sauti, Ubongo Ndio Unaosikia

Mazungumzo kwa akina mama na walezi wa watoto wasiosikia

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Kama unanyonyesha, kaa hapo hapo, usijisumbue kuondoka.

Leo tunazungumza juu ya mtoto asiyesikia, na juu ya mtambo unaoitwa kipandikizi cha koklea. Huenda umesikia watu wakisema kwamba mtoto aliyezaliwa kiziwi anaweza kufanyiwa upasuaji, akawekewa kimtambo sikioni, kisha akasikia. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo tutakayoizungumzia leo, kwa sababu hiyo haimo mikononi mwa daktari. Imo mikononi mwako wewe mlezi.

Hebu tuanze na mfano. Tumwite mama huyu Mama Baraka. Si jina la mtu halisi, ni mfano tu, lakini mambo yaliyompata yamewapata wengi.

Baraka alikuwa na miaka miwili na nusu alipofanyiwa upasuaji. Wiki nne baadaye alirudishwa hospitali ili mtambo uwashwe kwa mara ya kwanza. Siku hiyo baba aliomba ruhusa kazini, na nyanya akaja na simu ili apige picha. Wote walitazamia kwamba Baraka atageuka, atabasamu, na aite "mama". Mtambo ulipowashwa, Baraka aliangua kilio na kuung'oa kichwani. Walirudi nyumbani kimya. Jioni nyanya akasema, "Pesa hizo zingetosha kununua shamba."

Mama Baraka akaogopa mtambo usije ukapotea au ukavunjika. Akaufunga ndani ya kabati, ukawa unatolewa Jumapili tu, mtoto akienda kanisani. Miezi sita ikapita bila Baraka kusema hata neno moja. Je, mtambo ulikuwa mbovu? Hapana. Je, daktari alikosea? Hapana. Basi kilichokosekana ni nini? Ili tujibu swali hilo, kwanza tufahamu jinsi tunavyosikia.

JINSI TUNAVYOSIKIA

Sauti huingia kwa tundu la sikio na kutikisa ngoma ya sikio. Ngoma hiyo hutikisa vijifupa vitatu vidogo sana, navyo hupeleka mtikisiko huo ndani kabisa, kwenye kiungo kiitwacho koklea. Koklea ni ndogo kama punje ya njegere, nayo imejikunja kama gamba la konokono. Ndani yake mna maji na chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Kazi ya chembe hizi ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme mdogo. Umeme huo hupita katika mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo sauti hupata maana: huyu ni mama, yule ni mbwa, ile ni mvua.

Kwa watoto wengi wenye uziwi mkubwa, zilizoharibika ni zile chembe zenye vinyweleo. Mtoto anaweza kuzaliwa hivyo kwa sababu ya urithi, au kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito. Wengine huharibikiwa baadaye kwa homa ya uti wa mgongo, kwa manjano kali ya watoto wachanga isiyotibiwa mapema, au kwa dawa fulani kali. Chembe hizi zikifa, hazioti tena. Kifaa cha kawaida cha masikio hukuza sauti tu. Kama chembe zote zimekufa, hata ukikuza sauti namna gani, hakuna wa kuipokea.

Kipandikizi huziruka chembe hizo. Kina sehemu mbili. Sehemu ya nje hukaa nyuma ya sikio. Ina maikrofoni na kompyuta ndogo ya kuchambua sauti, pamoja na kisahani kinachonata kichwani kwa sumaku. Sehemu ya ndani huwekwa na daktari chini ya ngozi, na kutoka hapo uzi mwembamba huingizwa ndani ya koklea. Uzi huo una vituo vya umeme kati ya 12 na 22, kulingana na aina ya mtambo. Vituo hivyo hugusia mshipa wa fahamu umeme mdogo mdogo, nao mshipa huupeleka kwenye ubongo.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka wa 1957, huko Paris, Ufaransa, André Djourno na Charles Eyriès walionyesha kwamba umeme waweza kumfanya kiziwi ahisi sauti. Mwaka wa 1978, huko Melbourne, Australia, Graeme Clark alimwekea mgonjwa mtambo wenye vituo vingi. Marekani iliruhusu mtambo wa namna hiyo kwa watoto wa kuanzia miaka 2 mwaka wa 1990, na mwaka wa 2020 ikaruhusu aina mojawapo kuanzia miezi 9. Umeona jinsi umri ulivyozidi kushuka? Sababu kubwa ni ubongo.

SHAMBA LISILO NA MWENYEWE

Mama, sote tunajua shamba likikaa muda mrefu bila mwenyewe hutokea nini. Jirani hulima kipande cha pembeni. Msimu ujao anaongeza kingine. Ukirudi baada ya miaka mingi, unakuta mahindi ya watu yamesimama na mipaka imehama.

Ubongo wa mtoto hufanya vivyo hivyo. Pande zote mbili za kichwa, karibu na masikio, mna sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya sauti. Sauti isipofika, sehemu hiyo hailali tu. Kidogo kidogo kazi nyingine za mwili, kama kuona na kugusa, huanza kuitumia. Macho na mikono si wezi. Wao hulima palipoachwa wazi, na ndiyo maana watoto viziwi wengi ni wepesi sana wa kuona. Lakini sauti ikija baadaye, inakuta nafasi imebanwa.

Mwaka wa 2001 wataalamu wa Korea Kusini walieleza jinsi walivyopiga picha za ubongo wa watoto viziwi kabla ya upasuaji. Waliona kwamba wale ambao sehemu yao ya sauti ilikuwa bado imetulia, yaani shamba bado li wazi, ndio waliofaulu zaidi kuelewa maneno baada ya kuwekewa mtambo. Wale ambao sehemu hiyo ilikuwa tayari na shughuli nyingi walipata shida zaidi.

Mwaka wa 2002, huko Marekani, mtafiti Anu Sharma na wenzake walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 100 waliozaliwa viziwi na kuwekewa mtambo wakiwa na umri tofauti. Waliwabandika vifaa vidogo juu ya ngozi ya kichwa, bila kuwadunga wala kuwaumiza, wakapima muda ambao ubongo huchukua kuitikia sauti. Kwa kichanga anayesikia, mwitikio huo huchelewa, karibu theluthi moja ya sekunde. Kadiri anavyosikia na kukua, ndivyo unavyozidi kuwa wa haraka.

Watoto waliowekewa mtambo kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao uliwafikia wenzao wanaosikia baada ya miezi sita hadi minane tu ya kuutumia. Waliowekewa baada ya miaka saba, wengi wao mwitikio ulibaki wa kuchelewa hata baada ya miaka kadhaa. Wale wa katikati, wengine walifaulu na wengine hawakufaulu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kumbe hata vipimo vya ubongo vinasema hivyo hivyo.

Lakini kuna mtoto wa aina nyingine. Huyu alikuwa anasikia na kusema, kisha akapoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, pengine akiwa na miaka mitano au sita. Ubongo wake tayari unaijua sauti, kwa hiyo matumaini yake ni makubwa. Hata hivyo naye ana haraka ya namna yake. Baada ya ugonjwa huo, koklea yaweza kuanza kujaa mfupa ndani, na uzi wa mtambo ukakosa njia. Mtoto akipona homa ya uti wa mgongo, apimwe masikio kabla ya kutoka hospitali au mara tu baada ya hapo. Usisubiri muhula wa shule uishe.

KWA NINI BARAKA ALILIA?

Baraka hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu hajawahi kuhisi kitu kama kile. Tena sauti ya mtambo si sawa na ya sikio. Kumbuka, sikio lina chembe 15,000, na mtambo una vituo visivyozidi 22. Watu wazima waliokuwa wakisikia zamani husema kwamba siku za mwanzo sauti za watu ni kama za roboti, au ni mivumo tu. Baada ya wiki na miezi, wengi husema sasa sauti zinafanana na za watu. Mashine huwa imerekebishwa kidogo tu. Kilichobadilika hasa ni ubongo, uliojifunza kusoma ujumbe mpya.

Kwa hiyo, mama, usihesabu umri wa mtoto kwa siku ya kuzaliwa peke yake. Hesabu na umri wa kusikia, kuanzia siku mtambo ulipowashwa. Mtoto wa miaka mitatu mwenye miezi sita ya kusikia, masikio yake ni ya kichanga wa miezi sita. Nani humlaumu kichanga wa miezi sita kwa kutosema? Mtoto anayesikia hukaa karibu mwaka mzima akisikiliza kabla ya kutamka neno la kwanza.

Kwanza utaona dalili ndogo: anatulia, anaacha kuchezea kitu, anapepesa macho. Kisha ataanza kutafuta sauti inatoka wapi. Halafu ataitambua sauti yako na jina lake. Baadaye ataelewa maneno, na mwisho atasema. Na Baraka wetu, aliyevaa mtambo Jumapili tu? Umri wake wa kusikia haukufika hata mwezi mmoja.

KAZI YA NYUMBANI

Sasa tuone mambo ya kufanya.

La kwanza, avae mtambo kila anapokuwa macho. Akiamka anauvaa, akilala anauvua, na akioga anauvua. Mitambo mingi huandika ndani yake saa ambazo mtoto ameivaa, na mtaalamu huona ukienda kliniki, kwa hiyo hakuna haja ya kuficha. Mtoto akiung'oa, mrudishie kwa upole, bila kumpiga wala kumgombeza. Mfungie kitambaa kichwani au kofia nyepesi, na uufunge mtambo kwa kamba fupi kwenye nguo, ili ukianguka usipotee. Mtambo ulio kabatini ni salama, ndiyo, lakini haumsaidii mtoto.

La pili, upime kila asubuhi. Tazama betri. Kisha kaa nyuma ya mtoto au ufunike mdomo wako kwa mkono, asisome midomo, useme sauti hizi sita moja moja: mmm, uuu, aaa, iii, shhh, sss. Sauti hizi, zilizochaguliwa na mwalimu aitwaye Daniel Ling, zinawakilisha sauti nzito hadi nyembamba za maneno. Mfundishe mtoto kutia gunzi la mahindi ndani ya karai kila anaposikia. Kama jana alisikia shhh na leo hasikii, badilisha betri, na shida ikiendelea mpigie mtaalamu. Usingoje siku ya kliniki.

La tatu, zungumza naye mchana kutwa, katika kazi zako za kila siku. Mkaribie, shuka hadi alipo, punguza kelele. Zima televisheni, na hata redio hii, mama, kipindi kikiisha, izime uzungumze na mtoto. Sema: "Tunamenya viazi. Hiki ni kikubwa. Tia majini. Chubwi!" Kisha nyamaza kidogo, umpe nafasi ya kujibu kwa njia yake. Jogoo akiwika, gusa sikio lako useme, "Sikia! Nani huyo?" halafu mwende mkamwone. Sauti bila maana ni kelele tu. Sauti iliyofungwa na kitu anachokiona huwa neno.

Walezi wengi huuliza watumie lugha gani. Tumia lugha unayoijua vizuri na inayozungumzwa nyumbani kwako, iwe Kikamba, Dholuo, Kikuyu au Kiswahili. Usijilazimishe kusema Kiingereza cha kuchechemea. Mtoto anahitaji maneno mengi, yenye nyimbo na mizaha, na hayo hutoka katika lugha ya moyo wako.

La nne, usikose siku za kupangiwa mtambo upya. Miezi ya mwanzo mtaitwa mara kwa mara, kwa sababu ubongo unapozoea, mtaalamu huongeza na kurekebisha nguvu ya umeme. Mfikie pia mtaalamu wa matamshi. Akikufundisha wewe, mtoto atakuwa na mwalimu kila siku.

La tano, usalama. Sehemu ya nje isiingie maji, isipokuwa kama aina yako imetengenezewa hayo. Kila mhudumu wa afya aambiwe kwamba mtoto ana mtambo kichwani kabla ya kumpima kwa mashine ya sumaku, ile ya MRI. Mwenye kipandikizi ana hatari zaidi kidogo ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo akamilishe chanjo, hasa ya nimonia. Akiwa na homa kali, shingo ngumu, kutapika, au uvimbe nyuma ya sikio, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI AMBAYO WALEZI HUULIZA

"Mtoto wangu alizaliwa kiziwi, sasa ana miaka tisa na yuko shule ya viziwi. Nimechelewa?" Mama, nitakuambia kweli. Mtambo ukiwekwa katika umri huo, unaweza kumsaidia kujua mlio wa gari au mtu anayemwita, lakini kuelewa maneno kwa sikio peke yake huwa kugumu sana. Kabla ya kuuza ng'ombe, omba wataalamu wakueleze wazi mtoto wako anaweza kutazamia nini, na umwulize mtoto mwenyewe. Kama anasoma, anaongea kwa ishara na ana marafiki, hajapotea. Lugha ya Ishara ya Kenya inatajwa katika Katiba ya mwaka wa 2010, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

"Nikimwonyesha ishara, hataacha kusikiliza?" Hatari kubwa kwa mtoto ni kukaa miaka bila lugha yoyote. Wakati mnasubiri upasuaji, na hata baadaye betri ikiisha au akiwa anaoga, ishara humpa njia ya kukuambia anaumwa wapi. Mpe ishara, na mpe muda mwingi wa kusikiliza pia.

"Gharama je?" Ni kubwa. Upasuaji na mtambo vyaweza kupita shilingi milioni moja, na baada ya hapo kuna betri, vipuri na nauli. Kabla hujakubali, uliza maswali haya: Nani atapanga mtambo baada ya upasuaji, na yuko wapi? Vipuri vinapatikana nchini? Bima italipia nini? Kuna familia zilizochangiwa upasuaji, kisha mtambo ukanyamaza kwa kukosa waya mmoja.

"Nitajuaje mapema kwamba mtoto hasikii?" Usipige sufuria nyuma yake, maana anaweza kugeuka kwa kuhisi upepo au mtikisiko. Kichanga asiyeshtuka kwa kishindo, mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, au wa mwaka mmoja asiyeitikia jina, apimwe. Tena usidanganyike akisema "agu, agu", kwani hata kichanga asiyesikia hutoa sauti hizo mwanzoni. Shabaha ya wataalamu ni kupima masikio kabla ya mwezi mmoja, kuhakikisha tatizo kabla ya miezi mitatu, na kuanza msaada kabla ya miezi sita. Uliza kwenye kliniki yako au katika kituo cha tathmini ya elimu, kile kinachoitwa EARC. Ukiambiwa "ngoja, wavulana huchelewa kusema", wewe usingoje.

KABLA HATUJAAGANA

Turudi kwa Mama Baraka. Siku alipoelezwa kuhusu umri wa kusikia, aliufungua ule kabati. Wiki za kwanza zilikuwa za kurudishia mtambo kichwani mara ishirini kwa siku. Akamenya viazi akizungumza, akafua akizungumza, mpaka majirani wakamwuliza anaongea na nani. Mwezi wa tatu, jioni moja, mvua ilianza kunyesha juu ya mabati. Baraka aliacha kucheza, akatazama juu, akanyosha kidole kwenye paa, kisha akamgeukia mama yake. Hakusema neno. Lakini mama alielewa, akamwambia, "Ndiyo, Baraka. Ni mvua."

Tukumbuke basi:
– Mtambo huleta sauti, lakini ubongo ndio unaojifunza kusikia.
– Mtoto aliyezaliwa bila kusikia hana muda wa kupoteza. Miaka mitatu ya mwanzo ina thamani kubwa.
– Mtambo uvaliwe kila anapokuwa macho, wala si Jumapili tu.
– Hesabu umri wa kusikia, uwe na subira.
– Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani, kila siku, katika kila kazi.

Kama kuna mtoto jirani asiyeitikia akiitwa, mwambie mama yake habari hizi leo, usingoje kesho. Sasa zima redio, mwite mtoto, mzungumze. Kwaheri ya kuonana.